Mhadhara wa Profesa wa Pinde, Uliotolewa Soko la Kalamba

Chifu, naibu wa chifu, wazee wa kijiji, mwakilishi wa mheshimiwa ambaye mwenyewe ameshindwa kufika, akina mama wa chama cha viondo, na nyinyi vijana wa bodaboda mlioegesha pikipiki mbele ya jukwaa bila kuomba ruhusa: itifaki imezingatiwa.

Msiniite fundi. Fundi ni yule anayepanda juu ya paa la kinu cha kusagia kuziba matobo. Mimi ni Profesa wa Pinde. Cheo hicho nilitunukiwa na kamati iliyokutana nyumbani kwangu, ikajadili kwa kina, ikaafikiana bila mtu hata mmoja kupinga, kwa kuwa mtu alikuwa mmoja.

Najua wapo watakaonong'ona kwamba uprofesa haupatikani chini ya mwembe. Gavana wa kwanza wa kaunti hii ya Makueni, Kivutha Kibwana, alikuwa profesa wa sheria, na hakuna aliyemuuliza kama anajua kuchonga upinde. Basi nami msiniulize kuhusu sheria. Tena mjue nimeonewa. Mswidi mmoja, Gerhard Lindblom, alikuja Ukambani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akaandika kitabu kinene juu ya Wakamba, na chapa yake ya 1920 ikatoka Uppsala. Nimekikagua. Jina langu halimo. Hivyo ndivyo utafiti wa kigeni unavyopuuza wataalamu wa nyumbani, ati kwa sababu hawajazaliwa.

Neno moja la tahadhari kabla sijaanza. Upinde huo uliolazwa mezani ni upinde wa maonyesho. Haujakamilika, na nimeuacha hivyo kwa makusudi, ili mpate kuona hatua kwa hatua jinsi akili kubwa inavyofanya kazi. Usiguswe. Mzee wangu, wewe uliyeketi juu ya kreti ya soda hapo karibu na meza, naziheshimu mvi zako, lakini huo mkono naomba urudi mfukoni.

Asante.

Watu wengi hudhani kutengeneza upinde ni kukata mti, kufunga kamba, na kutafuta ndege. Hicho ni kijiti chenye kamba. Kazi yenyewe, ile inayotenganisha msomi na mpasua kuni, ni kusawazisha. Upinde una mikono miwili, wa juu na wa chini, inayokutana kwenye kishikio. Unaondoa mbao kidogo kidogo kwenye mikono hiyo mpaka yote miwili ipinde kwa kipimo kimoja, kwa mviringo mmoja, tangu karibu na kishikio hadi karibu na ncha, bila pahali paliposhupaa wala pahali palipolegea. Mkiona ni rahisi, ni kwa sababu mimi ndiye ninayeeleza.

Msidharau hatua hii. Mwaka 1991 watalii wawili Wajerumani, mtu na mkewe, walikuwa wakitembea kwenye milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, wakaona maiti imechomoza kwenye barafu. Ilidhaniwa ni mpanda milima aliyepotea miaka ya karibuni. Wataalamu walipochunguza wakakuta amekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Wakampa jina, Ötzi. Kando yake kulikuwa na upinde wa mita 1.82, mrefu kumshinda yeye mwenyewe, na upinde huo haukuwa umekamilika. Bado ulikuwa na alama za shoka! Kwenye podo lake mishale mingi nayo ilikuwa haijakamilika. Na begani mwake mna kichwa cha mshale wa mtu mwingine. Tafakarini hapo. Aliyempiga alikuwa amemaliza wake.

Nianze na mti. Hapa Kalamba tuna maembe mengi hadi tukajengewa kiwanda cha kuyasindika, kwa hiyo kila ninapohutubia lazima mtu aulize kama mwembe unafaa. Mwembe acheni uzae maembe na utupe kivuli cha mikutano. Mukau ni mti wa heshima, lakini uacheni kwa milango na mizinga ya nyuki. Tafuteni miti ya jamii ya mkole, ule ambao huku kwetu wengi wanaujua kwa jina la mulawa, wenye vijitunda vitamu mlivyovila utotoni wakati mlipotumwa kuchunga mbuzi na mbuzi wakaingia kwenye pojo za jirani. Unatoa fimbo, unatoa mipini, na ukibahatisha shina lililonyooka, unatoa upinde. Shina liwe na unene wa kifundo cha mkono wa mtu mzima au zaidi kidogo, lisiwe na macho mengi ya matawi, na lisiwe limejisokota. Mtajuaje limejisokota? Tazameni gamba. Mistari ya gamba ikipanda kwa kuzunguka shina, jueni na nyuzi za ndani zinazunguka. Wacheni, tembeeni mbele. Kama mnaona uvivu kutembea, mlima wa Nzaui ule pale, ambako wazee husimulia kwamba ndiko watu wa kwanza walikoshushwa. Walishushwa bila upinde, ndiyo maana kazi ikabaki kwangu.

Urefu. Mtu mzima huvuta kamba kiasi cha sentimita 71 kutoka kishikio hadi shavuni. Zidisheni mara mbili, ongezeni sehemu moja ya kumi, mtapata kama sentimita 156. Hicho ndicho kiwango cha chini. Anayeanza aongeze tena, afikishe kimo chake mwenyewe, kwa sababu upinde mrefu husamehe makosa. Mfupi hausamehi, wala mimi sisamehi.

Sasa hii methali ya samaki mkunje angali mbichi. Nimeisikia shuleni, nimeisikia kanisani, nimeisikia kwenye baraza la Chifu, na siku moja nikaisikia ndani ya karakana yangu kutoka kwa mpwa wangu, huyu hapa, akiwa ameshika ufito mbichi anaukunja kwa raha zake. Methali hiyo ni ya samaki. Mti mbichi ukiukunja unakunjika kweli, kisha unabaki hivyo hivyo, hauna hamu ya kurudi, na upinde wote ni hiyo hamu ya kurudi. Chongeni umbo la awali lingali nene. Pakeni nta ya nyuki kwenye ncha zote mbili, maana unyevu hutoka upesi zaidi kupitia ncha, na ncha zikikauka kabla ya katikati mti hupasuka. Kisha uanikeni kivulini. Kivulini, nasema. Jua letu la mwezi wa tisa halijui kubembeleza. Nta tunayo, Ukambani haujawahi kukosa mizinga. Subira ndiyo haiuzwi sokoni. Acheni miezi ipite. Mwenye haraka akanunue manati.

Mti umekauka. Mnauweka mapajani, mnauliza: Profesa, nianzie wapi? Mnaanzia kwa kujua kwamba upinde una mgongo na una tumbo. Mgongo ni upande unaotazama shabaha, na tumbo linakutazama wewe. Ukivuta, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa. Nyuzi za mgongoni zikikatwa, hata kwa mkwaruzo mdogo wa kisu, pale pale ndipo kibanzi kitakapoinuka, na siku moja utavuta usikie kishindo. Kwa hiyo mgongo ni ile mbao ya kwanza kabisa chini ya gamba, na hauguswi. Ondoeni gamba kwa kukwangua polepole mpaka mfike kwenye ule uso laini, mkome hapo. Kazi yote ya chuma, kuanzia siku hiyo hadi kiama, iko tumboni.

Bwana mmoja, sitamtaja, alinunua upinde kwangu, akaufikisha nyumbani, akaona mgongo wake hauna mng'aro. Akaupiga msasa mpaka ukang'aa kweli kweli. Ukavunjika mbele ya wakwe zake, siku ya kupeleka mahari. Akarudi kwangu kudai pesa zake. Nilimpa mhadhara.

Mzee, nimekuona. Unaugeuza. Sawa, kuutazama ni ruhusa, na kuugeuza pia, mradi ni kwa ajili ya macho. Huko kupitisha ukucha tumboni mwake ndiko sijaelewa.

Tuingie kwenye hisabati. Msikimbie. Mkono wa upinde ukiupunguza upana nusu, ugumu wake unapungua nusu. Hilo hata mbuzi analielewa. Lakini unene! Ukipunguza unene nusu, ugumu hausimami kwenye nusu. Unashuka hadi sehemu moja ya nane. Ukipunguza unene kwa sehemu moja tu ya kumi, zaidi ya robo ya nguvu imekwenda. Chukueni mkono wenye unene wa milimita 20. Mtu anakwangua milimita 2, anajisemea nimelainisha kidogo tu. Hajalainisha. Amekata zaidi ya robo ya upinde na bado anapiga mluzi.

Ndiyo maana panga mwisho wake ni kutoa umbo. Likishatoa umbo lirudi shambani kwenye magugu. Baada yake ni randa ndogo au tupa, na baada ya tupa ni kipande cha chupa. Ndiyo, kioo kilichovunjika. Mnakishika wima, makali yake yakilalia mbao kavu, mnakivuta kuelekea kwenu, nacho kinatoa unyoya wa mbao mwembamba hata mwanga unapita. Unyoya mmoja hauonekani una maana. Ishirini yana maana. Mti si nywele, ukiunyoa hauoti tena.

Nani amepasua chupa? Mzee! Hiyo chupa ni ya mwenye kibanda, na ina amana yake. Haya, imekwisha kupasuka. Mpwa wangu, andika kwenye gharama za mhadhara.

Sasa tumefika kwenye moyo wa elimu yenyewe. Naomba simu zizimwe, na wenye kununua nyanya wanunue kwa sauti ya chini.

Hatua ya kwanza haihitaji kamba. Unasimamisha upinde, ncha moja ikigusa udongo, mkono wako mmoja kwenye kishikio, unausukuma kidogo kwa kiganja uone kama ule mkono wa chini unapinda. Unaugeuza, unafanya vivyo hivyo upande wa pili. Mara ya kwanza hautapinda hata kidogo, na hapo ndipo wengi hurudi kulitafuta panga. Kaeni chini. Kwangua, sukuma, tazama. Kwangua, sukuma, tazama. Ukifika pahali mikono yote miwili inaanza kukubali kwa uzito mmoja wa kiganja, ndipo unachonga vipengo viwili kwenye ncha vya kushikia kamba, na usivichonge mpaka ukate mgongo. Mkisahau hilo la mgongo nitajua hamkuwa mkisikiliza.

Hatua ya pili ni ya ukuta. Unatafuta kamba ndefu, ndefu kuliko upinde wenyewe, unaifunga ncha hadi ncha ikiwa imelegea. Kishikio kinakaa juu ya kigingi imara kilichopigiliwa ukutani, kamba inaning'inia chini. Kwenye ile kamba unafunga kamba nyingine inayopita kwenye kapi karibu na sakafu, halafu wewe unasimama hatua kadhaa mbali, unavuta huku unatazama. Kwa nini mbali? Zipo sababu mbili. Ya kwanza, ukiwa karibu huoni mviringo mzima, unaona vipande. Ya pili nitaisema wakati wake, na mpwa wangu anaijua. Mnaona lile kovu kwenye paji la uso. Ukutani unachora mistari ya mlalo kwa mkaa, ili ncha ya kushoto na ncha ya kulia zikishuka uone kama zinashuka pamoja. Vuta sentimita 10. Tazama. Legeza.

Hapa ndipo jicho la profesa linapoachana na jicho la mtu. Mtu anaona upinde umepinda. Mimi naona umepinda wapi. Karibu kila upinde wa mwanafunzi hupinda mno pahali pamoja, pengine karibu na kishikio, pengine katikati ya mkono mmoja, na sehemu iliyobaki imenyooka wima haijishughulishi. Pale panapopinda kupita kiasi tunapaita bawaba. Bawaba ni ya mlango, na mlango haujawahi kupiga mshale.

Na jamani, sikilizeni hili hata kama yote mengine mtayasahau. Mkono wa mwanafunzi una tabia ya kwenda kukwangua pale pale kwenye bawaba, kwa kuwa ndipo macho yanapovutwa. Ameiona kasoro, anaishambulia. Kumbe pale pana upungufu tayari! Akikwangua anazidisha. Dawa ya bawaba haiko kwenye bawaba, iko pembeni yake, kwenye zile sehemu ngumu zilizokaa kimya zikimwachia jirani mzigo wote. Zikwangueni hizo. Palipo dhaifu pachoreni alama ya mkaa na msipaguse tena mpaka wenzake wamfikie. Kanuni hii ingeifaa hata bajeti ya kaunti, ila sikualikwa kwenye kamati ya fedha.

Baada ya kukwangua, msikimbilie kupima. Mbao huchelewa kupata habari. Vuteni na kulegeza, vuteni na kulegeza, fupi fupi, mara thelathini hivi, ndipo nyuzi zitakapotambua kilichoondolewa na mviringo utaonekana ulivyo kweli. Anayekwangua mara mbili bila kuvuta katikati anakwangua gizani. Ukiwa umesawazika kwenye sentimita 10, songa hadi 15. Kwenye 15 utagundua kitu kipya. Kwangua, vuta, tazama, kisha 20. Usithubutu kwenda 20 ukiwa na bawaba kwenye 15, ukijiambia kwamba itajinyoosha huko mbele. Haijinyooshi. Pale pa bawaba mbao ya tumboni hubanwa mpaka ikakunjamana, ikatoa mikunjo myembamba inayokatiza upana wa mkono. Kwa macho ni shida kuiona ikiwa changa. Hugunduliwa kwa kupitisha ukucha tumboni, polepole, ukucha unakwama kidogo tu, mahali ambapo palipaswa kuteleza.

Mzee naye, naona, bado anapitisha ukucha wake hapo. Sadfa tu.

Mikunjo hiyo ikishaingia, hakuna profesa, hakuna gundi, hakuna maombi. Kwa hiyo amueni mapema upinde wenu utakuwa wa kilo ngapi, nanyi mtundike mizani ya ndoano, ile ya bucha, kwenye kamba ya kuvutia. Anayeanza asizidi kilo 18. Tuseme unataka 18, na mizani imefika 18 wakati kamba ingali nusu ya safari. Simama hapo hapo. Rudi tumboni, kwangua mikono yote miwili sawasawa kwa urefu wake wote, ndipo uvute tena. Asiyesimama, anayesema ngoja niumalizie nguvu zangu, huo upinde ukivuliwa kamba utabaki umeinama. Kuinama kidogo, sentimita tatu hivi, hakuna upinde wa mti mtupu usiokuwa nako. Ukiinama upana wa kiganja, uliulazimisha. Mvunja nchi ni mwananchi, na mvunja upinde ni mwenyewe, isipokuwa pale karakanani kwangu, ambako ni mpwa.

Ndiyo, mama? Sema kwa sauti, wote wasikie. Mama wa chama cha viondo anasema kamba yangu ya katani nimeisokota nyuzi zote upande mmoja, ndiyo maana inafumuka hapo mwishoni. Anasema kila uzi ungesokotwa peke yake kwenda kulia, kisha nyuzi zizungushwe pamoja kwenda kushoto, zishikane zenyewe. Mama, hilo nilikuwa nalijua, nililiacha liwe swali la mtihani, na wewe umepita. Isokote upya basi kwa faida ya wengine. Wazee walitumia kano za ng'ombe, kwa sababu kano ni imara na ni nyembamba. Nailoni ya madukani muiache kwa wavuvi. Inarefuka, na nguvu uliyoivuta inaishia kwenye kamba badala ya kwenda kwenye mshale.

Kijana wa bodaboda anataka upinde wa kilo 60. Ameona wapi? Nitakueleza ulipouona bila kuuona. Kule upande wa Tsavo mashariki waliishi Wawaata, ambao Waingereza waliwaita Waliangulu. Hao walikuwa wakivuta pinde za zaidi ya kilo 45, kwa ajili ya ndovu, pinde za kulinganishwa na zile ndefu za Uingereza ya zamani, kama zilizopatikana kwenye meli ya Mary Rose iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982. Wakamba pinde zao zilikuwa nyepesi kuliko hizo. Waliridhika kunyata karibu na kuiachia sumu ya mshale imalize kazi. Mtu hafiki kilo 45 kwa kutaka. Alianza mtoto, na kaupinde ka mtoto, akakua nako. Wewe anza na 18, shavu lako litakushukuru. Na habari za sumu sizifundishi, hata mniongezee ada.

Chifu ameanza kunitazama kwa jicho la serikali. Usiwe na wasiwasi, Chifu. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya nzima mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ina meno makali. Shabaha yetu ni gunia lililoshindiliwa nyasi, hakuna hata digidigi atakayeguswa. Tunachofanya ni mchezo wa heshima. Mwaka 2016, kwenye ufunguzi wa Olimpiki za Rio, nchi hii ya wakimbiaji bendera yake ilibebwa na nani? Na mpiga upinde, Shehzana Anwar! Huko wanalenga shabaha iliyo mita 70, kwa pinde za kiwandani ambazo hazijawahi kuona kipande cha chupa. Sikupigiwa simu. Nilikuwa na chaji.

Nimalizie haraka, maana naona mwakilishi wa mheshimiwa ameshachukua soda ya tatu. Mikono ikishapinda sawa kwenye kamba ndefu hadi karibu nusu ya mvuto, mnaweka kamba fupi, ile ya kazi. Nafasi kati ya kamba na kishikio iwe ngumi moja na dole gumba lililosimamishwa, kama sentimita 15. Mnaendelea vile vile hadi mvuto kamili, kwa adabu zaidi, kwa sababu kila sentimita ya mwisho ni ghali kuliko zote zilizotangulia. Na kamwe msivute kamba mkaiachia bila mshale. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale itarudi kwenye mbao, na mbao haikuomba.

Hapo sasa ningeuchukua upinde wa maonyesho niwaonyeshe ile bawaba iliyoko kwenye mkono wake wa chini, ambayo niliiacha makusudi...

Mzee, kwa idhini ya nani? Manyoya yote hayo ya mbao miguuni mwako yametoka wapi? Yametoka wapi? Hapana, usinionyeshe kwa kidole, niambie. Anasema bawaba ilikuwa mkono wa chini, karibu na kishikio, kwa hiyo pale hakupagusa, amekwangua kuanzia katikati kwenda kwenye ncha. Na mkono wa juu? Anasema wa juu wote ulikuwa mzito, ameupunguza kidogo kidogo. Anasema mikunjo tumboni bado haijaingia, amepima kwa ukucha, ila ningeuvuta hivyo ulivyokuwa ingeingia leo leo.

Sawa. Mpwa wangu, mfungie kamba. Siyo hiyo! Ile ya mama, mpya. Mama, umeshamaliza? Hata hiyo? Haya. Ngumi na dole gumba. Vizuri. Mzee, vuta taratibu, watu waone. Samahani, Chifu, nasimama nyuma yako kidogo. Hii ndiyo ile sababu ya pili.

Sentimita 20. Tazameni ncha. 40. Nyamazeni, nasikiliza mbao. 60. Mwisho wa mvuto. Ulegeze, ulegeze polepole, huna mshale!

Mmeona? Mmeona mviringo ule? Ncha zote mbili zimeshuka pamoja, hakuna pahali paliposhupaa, hakuna palipolegea. Ndugu wananchi wa Kalamba, hayo ndiyo matunda ya mbinu yangu ya kufundishia, ambayo ni kuongea mpaka mwanafunzi amalize kazi. Mzee, wewe ni mhitimu wangu wa kwanza. Cheti chako ni shilingi 200, na cha mama ni 150 kwa kuwa yeye amesomea kamba peke yake. Piga mhuri, mpwa wangu.

Anasema nini? Anauliza ufundi wake atalipwa na nani. Mpwa wangu, acha mhuri kwanza, kusanya ada ya mhadhara. Anza na wa nyuma, ndio wanaoondoka. Mzee! Mzee wangu, kreti acha, na huo upinde ni wa chuo!